Taa ya Breki Niliyoizima Mimi

Mimi nina wivu. Sisemi nilikuwa nao, nasema ninao, maana tabia haifutiki kwa dasta. Nimefundisha Kiswahili shule ya msingi hapa Tunduma miaka mingi, na watoto wa watu nimewaeleza tofauti ya wivu, kijicho, husuda na choyo, huku najua moyoni kwamba vyote vinne vimepanga chumba kwangu. Nyuma ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia huwa wanaandika "Mwenye wivu ajinyonge". Nikipita hapo naona kama wameniandikia mimi. Basi waandike, sijinyongi ng'o.

Wivu ninaousimulia hapa ulikuwa wa kumwonea wifi yangu, dada wa mume wangu, na ulianzia kwenye taa ndogo nyekundu ya dashibodi.

Gari lenyewe lilikuwa stesheni wagoni nyeupe, mtumba wa Japani. Nilipokuwa mdogo kule Itaka, gari lilikuwa la padri, la bwana shamba na la chama cha ushirika, basi. Wengine tulilipungia mkono. Ghafla ikaja ile miaka ya soko huria, mitumba ikajaa mpaka jirani yetu muuza mkaa naye akawa anaulizia bei. Mkoa wetu ulikuwa bado Mbeya, hili jina la Songwe lilikuwa la mto tu. Mume wangu alikuwa anafanya biashara ya mpunga. Alikuwa anateremka Msangano, huko bondeni, ananunua, anapandisha kuja kukoboa Tunduma na kuwauzia Wazambia. Alichoka kudandia malori ya watu. Tulijinyima, tukanunua gari.

Miezi ya mwanzo nilikaa mbele. Alinifungulia mlango mwenyewe, akasema, "Kaa hapa mwalimu, watu wakuone." Na mimi nikaonekana. Kama hujawahi kupita mbele ya walimu wenzako kwenye gari lako umekunja nne, usinihukumu.

Taa ile iliwaka mara ya kwanza tukikata kona ya kuelekea Mpemba. Duara jekundu, na katikati yake alama ya mshangao, ileile ninayowafundisha darasa la tatu. Ikawaka, kona ilipoisha ikazimika.

"Baba watoto, gari lako linashangaa," nilimwambia.

"Linashangaa nimempata wapi mwanamke kama wewe."

Akaushika mkono wa hendibreki, akaupandisha, akaushusha mpaka chini. Akasema ni hendibreki tu, haikushuka sawasawa. Siku zile ikawa ndio mchezo wetu. Taa ikiwaka kwenye kona au kwenye mteremko, mimi nasema linashangaa, yeye anatafuta jambo la kunisifia. Mara mandazi, mara mwandiko, mara shingo yangu. Nilifikia mahali pa kuiombea ile taa iwake.

Halafu wifi akaja.

Alikuwa ameolewa Kopabeti, huko Zambia kwenye migodi ya shaba, zaidi ya miaka ishirini. Mumewe alikuwa na gereji huko, na yeye alianza kwa kukaa dukani kuuza spea, akaishia kuvaa ovaroli. Mume alipofariki, ndugu wa marehemu wakagawana vitu, naye akarudi kwao akiwa na begi moja na sanduku la spana. Nilimpokea kama inavyopasa. Nilimpikia kuku, nikampa chumba cha watoto, watoto nikawalaza sebuleni. Aliniita "mulamu", kama wanavyoitana mashemeji na mawifi huko Zambia, na kila akiingia ndani alisema "mwapoleni mukwai", salamu ya kule, kwa sauti ya chini, na huku anapiga makofi madogo ya heshima. Sikuwa na kosa la kumshika. Hilo nalo liliniudhi.

Huyu dada ndiye aliyemlea mume wangu. Mama yao alipofariki yeye alikuwa msichana wa miaka kumi na mbili hivi, akambeba mdogo wake mgongoni mpaka akaota sugu begani. Mume wangu aliipenda hadithi hiyo. Nilikuwa nimeisikia kama mara mia, na kwa muda wote ambao dada mwenyewe alikuwa mbali, haikunisumbua.

Jumapili ya kwanza tukatoka wote kwenda kanisani. Nikafika kwenye gari, nikamkuta wifi amesimama pembeni ananisubiri nitangulie. Mume wangu akasema, "Dada, kaa mbele." Akasema kwa urahisi tu, kama mtu anayesema karibu chai. Wifi akanitazama, akasema, "Hapana, mulamu ndiye wa mbele." Sasa na mimi ningesemaje? Nikasema, "Kaa tu wifi, wewe mkubwa." Nikaingia nyuma na watoto, na tairi la akiba likinigonga mgongoni.

Ningeweza kuvumilia kukaa nyuma. Kilichonishinda ni Kinyamwanga, lugha ya kwao. Mimi ni Mnyiha. Kinyiha na Kinyamwanga vinapakana, kwa hiyo wakizungumza napata neno moja nakosa mawili, na heri ningekosa yote. Wakaongea huko mbele, wakacheka mpaka mume wangu akafuta machozi. Alikuwa na kicheko ambacho sijawahi kukisikia, cha kitoto, kinapanda juu halafu kinakatika. Nimeishi naye miaka kumi na minne, nimemzalia watoto watatu, na kile kicheko hakuwahi kunipa.

Kwenye kona taa ikawaka. Nikainamia mbele upesi, nikasema, "Baba watoto, linashangaa hilo."

Hakuna aliyecheka. Wifi alisema, "Simamisha gari, mdogo wangu."

"Ni hendibreki tu, dada."

"Simamisha."

Akasimamisha. Wifi akatoka na kitenge chake cha kanisani, akafungua boneti, akatuita tuje tuone. Nilienda ili nisionekane nimenuna. Akatuonyesha kikopo cheupe chenye mistari miwili ubavuni, wa juu na wa chini. Akasema taa hiyo ina mambo mawili ya kukwambia. La kwanza, umesahau hendibreki. La pili, kama hendibreki iko chini na bado inawaka, basi mafuta ya breki yamepungua. Ndiyo maana inawaka kwenye kona: mafuta yanalalia upande mmoja, boya lililomo ndani linashuka, taa inawaka, barabara ikinyooka yanarudi.

"Na yakipungua naongeza," mume wangu alisema.

"Usikimbilie kuongeza. Jiulize yameenda wapi. Mafuta ya breki hayaliwi kama petroli. Ama yanavuja, ama pedi, zile zinazobana gurudumu, zimelika. Pedi ikiwa nyembamba, pistoni inayoisukuma inatoka mbele zaidi kuifuata, na mafuta yanashuka kujaza pale ilipotoka. Ukiongeza juu, taa inazimika, na pedi bado zimekwisha. Utakuwa umemziba mdomo anayekuonya."

Mume wangu alikuwa anatikisa kichwa kama mwanafunzi wa kwanza darasani. Aliuliza, akajibiwa, akauliza tena. Kwenye mkutano wa wazazi aliwahi kusinzia mimi nikiwa mbele naongea. Nilisimama pale kando ya barabara nimeshika viatu vya mtoto, roho inaniuma mpaka nikahisi ladha ya chuma mdomoni. Kumbe siku zote lile gari lilikuwa linaomba msaada, na mimi nilidhani linatuchumbia.

Tulifika kanisani tumechelewa. Sikumbuki hata neno moja la mahubiri.

Baada ya hapo ikawa dada, dada, dada. Sokoni akikutana na mtu, atamweleza boya na pistoni, kisha amalizie, "Dada yangu huyo." Kahawa ikawa haijakolea kama ya dada. Taa ikiwaka, hakunisifia tena, alisema nitaangalia pedi, nitaangalia pedi, na haangalii, maana ulikuwa msimu wa mpunga na mashine ya kukoboa ilikuwa imemshika. Mchezo wetu ukafa hivyohivyo bila matanga. Sikuwa na haki ya kumlaumu mtu. Utasemaje mbele ya watu kwamba wifi yako amekosea kukwambia breki zako zinakufa?

Siku moja, mume wangu akiwa kwenye mashine na gari limebaki uani, nilirudi shule nikamkuta wifi amelipandisha kwenye jeki. Ametoa tairi la mbele, amechuchumaa na tochi mchana kweupe. Akaniita. Akanionyesha pedi. Ilikuwa imebaki unene wa kucha, na nyuma yake chuma.

"Hizi zimekwisha, mulamu. Za upande wa pili nazo hivyohivyo."

Alikuwa bado anafunga tairi, akaja mtu kutoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka, kumwambia shangazi yao amefariki, na kwamba yeye anahitajika upesi kwa ajili ya kumwosha marehemu. Wifi akakaa chini pale pale kwenye vumbi. Akalia kidogo, akanawa mikono ya grisi, akafunga nguo mbili kwenye kitenge. Mume wangu angefuata kesho yake kwenye maziko na kurudi. Mlangoni wifi akanishika mikono yote miwili.

"Mulamu, huko msibani hatutapata nafasi ya kuzungumza mambo ya gari. Mwambie wewe. Asiteremke Msangano kabla hajabadilisha pedi. Na msiongeze mafuta. Mkiongeza taa itazimika, atadhani gari limepona."

Nikasema, "Sawa wifi. Nitamwambia."

Na nilikusudia kumwambia. Namwapia Mungu, alipogeuka kona nilikuwa bado nakusudia. Halafu nikaanza kuona itakavyokuwa. Nitasema, "Dada yako amefungua tairi, kasema pedi zimekwisha." Naye atapiga paja: "Dada huyo, niliwaambia mimi." Atakunywa chai yangu na huku anamsifia mwingine. Nami nitakuwa mpeleka barua ndani ya nyumba yangu.

Nikachukua mtandio, nikaenda mpaka duka la spea karibu na stendi. Nikamuuliza muuzaji, "Taa ya breki ikiwaka, ukiongeza mafuta inazimika?"

"Inazimika mama, ila lazima mcheki na..."

"Nipe kopo moja."

Mpaka leo nawakemea wanafunzi wanaojibu swali kabla hawajalisoma mpaka mwisho.

Nikarudi, nikafungua boneti kama nilivyomwona anafungua, nikaona kile kikopo cheupe, nikafuta vumbi la kifuniko kwa upindo wa kanga, nikamimina mpaka mstari wa juu. Nikazungusha ufunguo bila kuwasha gari, nikashusha hendibreki. Taa ikazimika. Nilikaa pale kwenye kiti cha dereva, mtu ambaye hajawahi kuendesha hata baiskeli, nikajiona nimemshinda mtu.

Mume wangu alipokuja akaniona nimekaa ndani ya gari, akashangaa. Nikamwambia atazame. Akatazama dashibodi.

"Imezimika. Dada ametengeneza?"

Neno la kwanza. Hata hakusema habari za mchana.

"Si dada," nilisema. "Mimi. Mafuta yalipungua, nimenunua, nimeongeza."

"Wewe?"

"Mimi. Kwani mimi sina mikono?"

Akacheka, akafurahi. Kisha akakumbuka. "Na zile pedi alizosema dada?"

Hapo ndipo njia ilipogawanyika, na niliiona. Ningeweza kusema. Lakini uso wake ulikuwa umenigeukia mimi, mimi peke yangu, kwa mara ya kwanza tangu wifi ahamie kwetu.

"Amefungua tairi leo," nikasema. "Ameziangalia, amesema gari halina neno. Ni mafuta tu."

Hata uongo wangu ulihitaji jina la dada ili uaminike.

Kisha nikampa habari ya msiba, akaniambia asante kwa kumshikia nyumba. Kesho yake alikwenda Nakonde kwa miguu na majirani, wakazika, akarudi. Jioni jua likiwa bado lipo akasema twende tukapunge upepo kidogo, kichwa kimejaa. Akanifungulia mlango wa mbele. Tukaenda mpaka Mpemba na kurudi, taratibu. Kwenye kona niliitazama dashibodi. Giza. "Sasa halishangai tena," akasema, "limekuzoea." Akaniwekea mkono gotini. Nilikuwa nimekipata nilichokitaka, na sitadanganya, kilikuwa kitamu.

Wifi alikaa Nakonde siku saba za matanga. Wiki hiyo gari lilitembea hapahapa mjini, kwenye tambarare, na mimi nikaanza kujishawishi. Labda wifi ametia chumvi. Labda kule Kopabeti unene wa kucha wanauona mdogo, hapa kwetu watu wanaendesha hivyo mwaka mzima. Mwalimu akitaka kujidanganya hakosi hoja.

Alirudi asubuhi moja kwa miguu, macho yamevimba, hajalala siku kadhaa. Mume wangu alikuwa anafunga mzigo wa magunia matupu juu ya gari. Anateremka Msangano. Akamwambia dada yake, "Umefika wakati mzuri. Twende ukawaone ndugu wa bondeni, utalala njiani." Wifi akakubali, wala hakuingia ndani. Akakaa kiti cha mbele, akaegemeza kichwa kwenye kioo. Mume wangu alikuwa amezunguka nyuma kukaza kamba.

Nilikuwa nimesimama dirishani kwake na chupa ya chai. Alifumbua macho, akatazama dashibodi, akanitazama mimi.

"Taa haipo. Alibadilisha pedi, mulamu?"

Ilikuwa sauti ya chini, ya mtu mwenye usingizi. Mume wangu alikuwa hatua tatu tu. Nikisema hapana, atasikia, na yote yatamwagika pale uani mbele ya watoto: ujumbe niliouficha, kopo la mafuta, maneno niliyomsingizia mwenye msiba. Nikatikisa kichwa juu chini. Hata mdomo sikuufungua.

"Asante mulamu," akasema. Akapokea chai, akafumba macho.

Wakaondoka. Nilikwenda shule, nikaandika tarehe ubaoni, nikasahau somo. Mteremko wa kushukia bondeni naujua, nimeushuka mara mbili kwenye lori. Ni mawe na vumbi, kona juu ya kona, ukuta wa udongo mkono mmoja na mkono wa pili unaona vilele vya miti. Siku zile simu za mkononi tulikuwa nazo, lakini ukishaiacha barabara kubwa mtandao unakuacha. Nilitoka darasani nikapiga. Nikapiga tena. Yule mwanamke wa kwenye simu akaniambia kwamba mteja ninayempigia hapatikani. Saa nne nilimwomba mwalimu mkuu ruhusa, nikasema nina tumbo. Nikakimbia mpaka wanapopakia magari ya Chitete, nikiulizia kama kuna gari linaloenda upande ule. Lipo, linasubiri abiria lijae. Nikakaa ndani yake. Ningelimwambia dereva nini? Kwamba namfukuza mume wangu na wifi yangu nikawaambie mimi ni mwongo? Nilikaa pale saa nzima, na lile gari halijajaa, ndipo simu yangu ikaita. Ni mtu nisiyemjua, ana lori la ng'ombe, amepata mtandao baada ya kupanda juu. Akasema, "Mama, usiogope, wote wazima. Ila gari limeisha."

Nilipofika hospitali na chupa nyingine ya chai mkononi, mume wangu alikuwa ameketi kwenye benchi, paji la uso limeshonwa, shati lina damu. Alinishika akalia. Akanisimulia palepale. Dada alilala njia nzima. Walipoanza kuteremka, magurudumu ya mbele yakaanza kulia kama chuma kinachokwaruzwa, na mlio ule ndio uliomwamsha. Akauliza, "Mbona pedi mpya zinalia hivi?" Yeye akasema, "Pedi mpya zipi?" Hawakupata muda wa kujibizana. Pedeli ikazama mpaka chini, na hapo ndipo taa ikawaka, breki zikiwa zimeshakufa. Pistoni moja ilikuwa imetoka nje, mafuta yote yamemwagikia kwenye tairi.

Yeye aliganda. Dada ndiye aliyemwambia apige gia ya pili, kisha ya kwanza, ndiye aliyeishika hendibreki na kuivuta kidogo kidogo ili gari lisizunguke, ndiye aliyemwambia akaze kulia, asugue ukuta wa udongo, asuguesugue mpaka lichoke. Liliposugua ukuta likapinduka kwa ubavu wa kushoto, upande aliokaa dada.

"Amenizaa mara ya pili," mume wangu alisema.

Tukaingia wodini. Wifi alikuwa amelala, mguu wa kushoto umefungwa mbao kuanzia nyonga, uso umekuwa wa kijivu. Waliniambia baadaye kwamba mguu huo hautanyooka tena, na haukunyooka. Alinitazama nilipoingia. Nikasalimia. Akaitikia.

Mume wangu akavuta kiti. Mshtuko ulikuwa unamwisha, na sasa alikuwa anafikiri, nikaona jinsi anavyofikiri, nikatamani sakafu inifiche.

"Dada," akasema, "nikuulize. Ulifungua tairi, ukamwambia mwalimu gari halina neno. Halafu bondeni unaniuliza pedi mpya. Kama gari halikuwa na neno, pedi mpya za nini? Ulikuwa unajua zimekwisha?"

Wifi aligeuza macho kwangu. Akayaacha hapo. Nilimwona anavyopanga: ujumbe alionipa mlangoni, taa iliyozimika, kichwa nilichomtikisia dirishani, na sasa hili, maneno ambayo hakuyasema kamwe. Alielewa yote, moja baada ya jingine, kama alivyolielewa lile gari. Nilisubiri aseme. Karibu nimwombe aseme.

"Nilijua," alisema mwishowe, macho yakiwa bado kwangu. "Niliziona zimekwisha. Nilikosea, mdogo wangu. Msiba ulinivuruga, nikasema hovyo."

Mume wangu akainamisha kichwa. Alikaa hivyo muda mrefu, na mimi muda wote huo nilikuwa na ulimi mdomoni. Kisha akauchukua mkono wa dada yake, akauweka shavuni pake upande usioshonwa, akamwambia kwa Kinyamwanga maneno ambayo, safari hii, niliyapata yote. Alimwambia yameisha, amemsamehe, asiyataje tena maisha yake yote.

Na hayajatajwa. Msamaha ule ulikuwa wa kwangu, akapewa yeye, mimi nikiwa nimesimama hapohapo na chupa ya chai, nikimwonea wivu.